Darasa la pumzi kwa mama kijacho: laki na nusu yangu ilivyokwenda

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 11. Hii ya sasa ilipovuka wiki ya 12, nyumbani kila mtu alishusha pumzi isipokuwa mimi. Usiku nashtuka saa tisa, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa na mbwa, nashika tumbo nasubiri mtoto acheze. Wifi yangu aliponiona macho yamevimba ndipo akaniambia kuna darasa la kutuliza akili kwa wajawazito, Jumamosi asubuhi, upande wa Kinondoni. Jina silitaji, maana nina ya kulisifia na ya kulilalamikia.

Vipindi 6 ni shilingi 150,000, na unalipa zote siku ya kwanza. Nikiwa na wiki 25 nikapanda mwendokasi Kimara, mkeka kwapani, nikashukia Morocco.

Siku hiyo nusura iwe ya kwanza na ya mwisho. Mwalimu aliwasha spika, ikatoka sauti ya mama wa Kimarekani akinong'ona huku nyuma yake mto unatiririka. Sasa mto unaotiririka na mwanamke mwenye mimba ya miezi sita! Ndani ya dakika tano watatu tulikuwa tumepanga foleni chooni. Tuliporudi tukaambiwa tufumbe macho tumwone mtoto ameshazaliwa, tumempakata. Kwa aliyewahi kupoteza mimba, hapo ndipo pabaya. Nililia, na mama aliyekuwa pembeni yangu akanipa ncha ya kanga yake bila kuuliza kitu.

Kipindi cha tatu umeme ulikatika, na nashukuru ulikatika. Mwalimu alilazimika kufundisha kwa mdomo wake mwenyewe. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole hadi 6, kama unayepoza chai bila kutaka imwagike. Usiibane. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hutulia. Mawazo yakija usigombane nayo. Alisema, ukiwa kituoni unasubiri gari la Mbezi, la Tandika likipita hulipungii mkono, unaliacha liende. Mfano huo ndio uliobaki kichwani mwangu.

Kuna na zoezi la kukaza misuli na kuiachia, kiungo kimoja baada ya kingine, tumbo ukiliacha lilivyo. Ni mbinu ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani wa karne iliyopita. Mabega na taya vilinifaa sana. Vidole vya miguu siku hizi navipita, mara ya mwisho shavu la mguu lilikakamaa nikaamsha nyumba nzima.

Kipindi cha tano nilikuwa wiki ya 29. Tulilazwa chali dakika kama 20. Nikaanza kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu. Mwalimu akasema nivumilie, mwili unaachia mzigo. Nikageuka ubavu mwenyewe, dakika mbili hazikupita nikawa mzima.

Wiki iliyofuata nilikuwa kliniki. Nesi aliweka kile kidude kama tarumbeta tumboni, sikio kwenye ncha yake. Akasikiliza. Akakihamisha chini ya kitovu. Akakihamisha tena, kimya. Kadi ya kliniki ilikuwa imelowa mkononi mwangu. Zamani ningebana pumzi mpaka nione nyota. Nikavuta nne, nikatoa sita. Pumzi ya saba akasema, "Huyu hapa, kajificha." Hofu ilikuwepo palepale, lakini angalau nilisikia kila alichoniambia baadaye.

Na alikuwa na mengi. Nilipomsimulia habari ya kulala chali alikunja uso: mimba ikishakua, ukilala hivyo mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Lala ubavu. Akaniuliza pia kama nakula na kama usingizi unakuja, kisha akanipeleka kwa mshauri nasaha wa palepale, kitu ambacho darasani hakuna aliyewahi kutugusia. Akanionya jambo moja: mtoto akipunguza kucheza usikae mkekani ukahesabu pumzi, njoo hospitali.

Yote hayo nilimpelekea mwalimu. Kwa haki yake, alisikiliza, na kipindi cha mwisho tulikuta mito ya kulalia, kila mtu kalala ubavu. Ila mpaka tunamaliza hakuna aliyeuliza nani ana wiki ngapi.

Sasa nina wiki 36. Saa tisa bado naamka, ila mara nyingi narudi kulala. Mume wangu naye anajaribu zoezi la misuli. Hajawahi kufika magotini kabla ya kukoroma.

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeinyima kwa kutulaza chali, nyingine kwa ule mto wa kwenye spika.