Twisheni ya fizikia ya jioni pale Chuno, Mtwara: nyota 4

Wana Mtwara, kama una mdogo wako yuko form six PCM na fizikia inamtoa jasho, mpeleke pale Chuno. Mi nilimsindikiza wa kwangu nikaomba kukaa benchi la nyuma, siku hiyo mada ni kani nne za asili na chembe zinazozibeba, sikutoka mpaka mwisho.

Alikosoma mwanzo walikua wanaandikiwa notisi tu, fotoni (chembe ya mwanga, inabeba sumakuumeme) haina tungamo (mass), gluoni (inabeba kani kali ya ndani ya kiini cha atomi) haina, W na Z (zinabeba kani dhaifu) zinalo, haya nakili. Ticha huyu anafundisha sababu. Fotoni haina tungamo ndo maana kani ya sumakuumeme haina mwisho, inafifia tu kadri unavyoenda mbali, ila W na Z ni nzito sana, W moja inazidi protoni zaidi ya mara 80, kwa hiyo kani dhaifu, ile inayoozesha baadhi ya viini vya atomi, haivuki hata upana wa protoni.

Dogo akanyoosha mkono: sasa ticha, gluoni nayo si haina tungamo, mbona kani yake haitoki nje ya kiini? Hakulikwepa. Akatoa mpira wa manati kwenye begi akampa, vuta. Akaeleza fotoni haina chaji, haziingiliani zenyewe kwa zenyewe, lakini gluoni, na ziko aina 8, zimebeba chaji ya rangi (jina tu la chaji ya kani kali, si rangi ya macho) kwa hiyo zinashikana, ukizitenganisha kwaki mbili, vile vichembe vinavyounda protoni, kani haipungui kabisa, nishati inazidi kujaa mpaka panakatika na hapohapo inazaliwa kwaki nyingine na antikwaki yake, yaani pacha wake wa chaji kinyume. Ndo maana gluoni haijawahi kunaswa ikiwa peke yake, hata 1979 pale maabara ya DESY Hamburg, Ujerumani, walichoona ni mikondo mitatu ya chembe ikiruka toka sehemu moja, mmoja ukitokana na gluoni. Dogo alichora yote.

Gravitoni, chembe inayodhaniwa kubeba mvutano, alipita haraka, akasema wazi ni nadharia, bado haijaonekana, kilichonaswa 2015 ni mawimbi ya mvutano. Hapo nilimheshimu sana maana wengine wanaifundisha kama imeshapatikana.

Nyota moja nimekata kwa sababu ubao ni mdogo, chumba joto, umeme ukikatika wanamulika na tochi za simu, na kipindi kinagongana na swala ya magharibi, hilo walirekebishe jamani. Bei buku tatu kwa kipindi, inalipa. Kinaanza saa kumi na moja ila saa kumi na nusu mabenchi ya mbele yameshajaa, wahini.