Dhahabu ya gramu, tola na wakia: programu ipi itunze hesabu yake

Tuchukue nyumba yenye mche wa gramu 10, miche miwili ya gramu 5, sarafu moja ya Krugerrand ya Afrika Kusini, bangili ya karati 22 na mkufu wa karati 21. Kwa nyumba hiyo, chaguo letu la kwanza ni GnuCash. La pili ni hledger, na kwa kazi hii hasa ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote. Tumeishusha nafasi moja kwa sababu huandikwa kwa mkono kwenye faili la maandishi, na wengi watachoka kabla mwezi haujaisha. Ya tatu ni Portfolio Performance, ya nne KMyMoney. Zote nne ni za bure. Lahajedwali (jedwali la hesabu kama Excel) haimo kwenye orodha kwa kuwa utaihitaji vyovyote vile, na za kulipia tumeziweka mwisho.

Mwongozo huu ni wa dhahabu iliyosafishwa au kufuliwa. Dhahabu ghafi ina leseni zake, na nchini Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Madini ya 2010.

Kipimo kwanza

Kosa linaloharibu hesabu nyingi hutokea kabla programu haijafunguliwa: uzito wa mizani huchukuliwa kuwa ndio uzito wa dhahabu. Programu inunuliwe au ipakuliwe baada ya kuamua kipimo kimoja, na tunachopendekeza ni gramu safi, yaani uzito wa kitu ukizidishwa kwa usafi wake. Mche wenye chapa 999.9 huzidishwa kwa 0.9999. Karati 22 yenye mhuri wa 916 ni 0.916, karati 21 ni 0.875, karati 18 ni 0.750. Mali ya nyumba yetu ya mfano inakaa hivi:

- Mche wa gramu 10: gramu safi 9.999
- Miche miwili ya gramu 5: 9.999
- Krugerrand, yenye uzito wa gramu 33.93: 31.1035
- Bangili ya gramu 24.6, karati 22: 22.5336
- Mkufu wa gramu 15.2, karati 21: 13.3

Mizani inasema gramu 93.73. Dhahabu yenyewe ni gramu 86.9351.

Krugerrand huwachanganya watu kwa sababu ni ya karati 22 na bado huitwa sarafu ya wakia moja. Dhahabu safi iliyomo ndiyo wakia moja. Shaba imeongezwa juu yake, na ndiyo maana sarafu ni nzito zaidi. Ukiipunguzia tena usafi kutoka kwenye wakia moja, umeikata mara mbili. Sarafu ya Sovereign ya Uingereza nayo ina uzito wa gramu 7.988 na dhahabu safi ya gramu 7.3224.

Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, si zile 28.35 za wakia ya kawaida. Tola ni gramu 11.6638, sawasawa na wakia ya dhahabu 0.375. Mche wa tola 10, ambao umezoeleka sana Dubai, una gramu 116.638, ukiwa na chapa 999, dhahabu safi ni 116.5214. Pambo lenye vito, toa uzito wa vito kwanza: karati moja ya jiwe ni gramu 0.2, na karati hiyo haihusiani kabisa na karati ya usafi. Kwa kupima nyumbani, mizani inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha.

Ujira wa sonara usiingie kwenye bei ya dhahabu

Hili ndilo tunalolipa uzito mkubwa katika kupanga programu. Tuseme umenunua Dubai, na gramu ya karati 24 ni dirhamu (fedha ya Falme za Kiarabu) 300 na ya karati 22 ni 278. Namba za mviringo za kufanyia hesabu. Bangili ya gramu 24.6 itakuwa 6,838.80, ujira wa dirhamu 25 kwa gramu ni 615, VAT ya Falme za Kiarabu ya asilimia 5 ni 372.69. Unalipa 7,826.49. Lakini gramu safi 22.5336 kwa 300 ni 6,760.08 tu. Dirhamu 1,066.41 zilizobaki ni matumizi: ujira, kodi, na ile tofauti ndogo ambayo duka hupata kwenye bei ya karati 22. Ukiuza kesho yake hazirudi. Mgeni anayerudishiwa VAT uwanja wa ndege ataandika marejesho hayo kwenye akaunti hiyohiyo ya matumizi, si kama faida ya dhahabu. Kwa miche hali ni nafuu, kwani dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea hutozwa VAT ya sifuri kule, na inayobaki ni nyongeza ya duka pekee.

Ukiandika 7,826.49 zote kama bei ya gramu 22.5336, programu itaelewa kwamba gramu moja ni dirhamu 347.33. GnuCash huihifadhi bei hiyo kwenye hazina yake ya bei, kisha huitumia kuthamini kila gramu uliyo nayo. Kwa nyumba yetu ya gramu 86.9351, utajiri wa zaidi ya dirhamu 4,100 utakuwa umetokea kwenye ripoti bila chochote kuongezeka kabatini.

1. GnuCash

Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Fungua Security Editor kwenye menyu ya Tools, ongeza kitu kipya, kipe jina la Dhahabu safi kwa gramu na alama fupi kama GDH, kisha weka sehemu ndogo kabisa kuwa 1/10000. Ukiweka 1/100, gramu 7.3224 za Sovereign zitakuwa 7.32. Amua hili mwanzoni, maana kulibadilisha baada ya miamala kuingia ni usumbufu.

Kisha fungua akaunti za aina ya Stock chini ya Mali: Dhahabu ya miche, Dhahabu ya sarafu, Dhahabu ya mapambo, zote zikitumia alama moja ya GDH. Muamala wa bangili unakuwa na mistari mitatu: GDH 22.5336 kwa bei ya 300 kwenye mapambo, dirhamu 1,066.41 kwenye matumizi, na 7,826.49 zikitoka benki. Chapa, namba ya mche na tarehe ya risiti viandikwe kwenye maelezo ya muamala.

Bei iandikwe kwa mkono kwenye Price Database, mara moja kwa mwezi. Usihangaike kutafuta njia ya kuifanya ijilete yenyewe. Bei ya London hutangazwa mara mbili kwa siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za kule, kwa dola kwa wakia. Kwa kuwa dirhamu imefungwa kwenye 3.6725 kwa dola, zidisha dola kwa wakia mara 0.11807 upate dirhamu kwa gramu. Anayeweka vitabu kwa shilingi ataongeza kiwango cha kubadilisha fedha kinachotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania au ya Kenya. Ukiona mali yako imepanda mara 31 kwa usiku mmoja, umeandika bei ya wakia mahali pa bei ya gramu.

Kasoro yake ni kwamba haihesabu vipande. Itakwambia una gramu 19.998 kwenye miche. Haitakwambia kama ni viwili vya 10 au vinne vya 5. Hiyo ndiyo kazi ya lahajedwali. Faili lake pia halina nenosiri, kwa hiyo usiandike ndani yake dhahabu imefichwa wapi.

2. hledger

Hapa kila aina ya kipande inapata jina lake, na kila jina linapewa thamani kwa gramu safi mara moja tu:

P 2024-01-01 MCHEKUMI 9.999 GDH
P 2024-01-01 KRUGERRAND 31.1035 GDH
P 2024-09-02 GDH 300 AED

2024-09-02 Kununua mche
    mali:dhahabu:miche    1 MCHEKUMI @ 2999.70 AED
    matumizi:dhahabu:nyongeza    120.30 AED
    mali:taslimu

Mistari miwili ya juu haibadiliki tena. Mwezi ujao unaongeza mstari mmoja tu wa bei ya GDH, na vipande vyote vinathaminiwa, kwa sababu programu huunganisha bei: kutoka kipande kwenda gramu, kutoka gramu kwenda dirhamu (AED). Amri ya hledger bal mali:dhahabu inakupa idadi ya vipande. Ukiongeza -X GDH unapata gramu safi, na kwa -X AED unapata thamani. Majibu matatu kutoka faili moja. Hakuna nyingine kwenye orodha hii inayofanya hivyo kwa urahisi huu.

Makosa yake yanajulikana. Kati ya jina la akaunti na kiasi lazima kuwe na nafasi mbili au zaidi; ukiacha moja, kiasi kinamezwa kuwa sehemu ya jina. Alama yenye tarakimu, kama MCHE10, lazima ifungwe kwa alama za kunukuu. Mistari ya thamani ya vipande iwe na tarehe ya zamani kuliko muamala wa kwanza, la sivyo ripoti za nyuma hazitapata bei. Ledger, iliyotangulia na ambayo hledger imefuata mtindo wake, huchukua pia bei za miamala kuwa bei za soko bila kuulizwa, kwa hiyo kule tahadhari ya ujira inarudi palepale.

3. Portfolio Performance

Muamala wa kununua una sehemu mbili tofauti, ya ada na ya kodi, kwa hiyo ujira na VAT vinapata makazi yake bila ufundi wowote. Pia inaonyesha faida ya kila mwaka vizuri kuliko GnuCash, na faili lake linaweza kufungwa kwa nenosiri. Tungeipandisha kwa Mswahili anayeishi Ujerumani au Uholanzi. Kwa aliyeko Dodoma au Kisumu ina tatizo moja kubwa: viwango vyake vya fedha hutoka Benki Kuu ya Ulaya, ambayo haitangazi shilingi ya Tanzania wala ya Kenya.

4. KMyMoney

Nzuri kwa anayeona GnuCash ni nzito. Ina sehemu ya ada kwenye ununuzi, na faili linaweza kufungwa kwa GPG, programu ya kusimba mafaili. Dhahabu ukae nayo kama hisa ndani ya akaunti ya uwekezaji, sehemu ndogo kabisa ikiwa 1/10000.

Lahajedwali

LibreOffice Calc, Excel au Google Sheets, mstari mmoja kwa kila kipande: aina, namba ya mche, uzito wa mizani, usafi, gramu safi, tarehe, bei iliyolipwa, ujira na kodi, picha ya risiti. Fomula ni moja, uzito mara usafi. Jumla ya safu ya gramu safi ilingane na programu hadi desimali ya nne. Isipolingana, tafuta kwanza pambo lililoandikwa kwa uzito wa mizani. Liwekee nenosiri, kwani hili ndilo faili ambalo mwizi angelipenda.

Kwa nini akaunti zitenganishwe

Kwa Waislamu, sababu ya kwanza ni zaka. Nisabu ya dhahabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, huchukuliwa na wengi kuwa gramu 85, na wengine hutumia 87.48. Nyumba yetu ya mfano kwa uzito wa mizani inavuka zote mbili. Kwa gramu safi 86.9351 inavuka ya kwanza tu. Tena katika madhehebu ya Shafi, ambayo watu wengi wa pwani huyafuata, mapambo halali ya kuvaliwa hayatolewi zaka, ilhali kwa Hanafi hutolewa. Miche na sarafu peke yake ni gramu 51.1015. Hukumu ataitoa sheikh wako, ila atahitaji namba hizo zikiwa zimetenganishwa.

Kwa walioko ughaibuni sababu ni kodi. Uingereza haitozi kodi ya faida ya mtaji kwenye sarafu zake za Sovereign na Britannia kwa kuwa ni fedha halali ya nchi, lakini Krugerrand na miche hutozwa. Ujerumani, dhahabu uliyokaa nayo zaidi ya mwaka mmoja huuzwa bila kodi hiyo, kwa hiyo tarehe ya kila ununuzi ni muhimu. Marekani huihesabu dhahabu kama kitu cha ukusanyaji, na faida ya muda mrefu hutozwa hadi asilimia 28. Kwenye GnuCash, View Lots hukuwezesha kufunganisha kila mauzo na ununuzi wake.

Za kulipia

Quicken hulipiwa kwa mwaka na imejengwa kwa ajili ya Marekani na Kanada. Aliyeko huko na tayari anaitumia, aiweke dhahabu kama hisa, kipimo kikiwa wakia ya dhahabu: sarafu ya robo wakia ni 0.25, mche wa gramu 10 ni 0.3215. Aliyeko Afrika Mashariki asiinunue kwa kazi hii; sehemu kubwa ya anacholipia ni kuunganishwa na benki asizozitumia.