Chaja Hii Hairushi Cheche! Tazama Kabla Hujachaji Betri Chumbani

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo tuko nje, barazani, kwa hiyo mniwie radhi upepo ukiingia kwenye maiki. Ndani kuna taa nzuri, najua, lakini kwa kitu cha leo ndani siingii. Sababu yake nitawaonyesha kwa shati, subirini kidogo.

Haya, hiki hapa. Chaja ya betri za gari, pikipiki, bajaji, sola, zile betri za risasi na asidi. Volti 12, ampea 6. Uzito, rangi, urefu wa waya, hayo yote yako kwenye boksi, siyasomi. Waya ni mfupi, hilo tu ndilo nitasema. Na hii ni betri ya jirani yangu hapa, ya gari, Ah 70, yaani ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, imekaa wiki tatu haijaguswa. Mita inasema 12.0. Betri nzima iliyojaa na kupumzika inatakiwa isome 12.6 mpaka 12.8. Kwa hiyo hii 12.0 msiione ndogo, hapo betri imebaki na robo hivi. Ni saa mbili na robo asubuhi. Tutaangalia jioni.

Sasa njoo karibu, kamera ije hapa. Vibano viwili: chekundu cha chanya, cheusi cha hasi. Chaja imechomekwa, soketi imewashwa, taa yake hii inawaka. Navigusanisha. Angalia mkono wangu. Moja... mbili... Umesikia kitu? Nasugua kabisa, chuma kwa chuma. Kimya. Naweka mita katikati ya vibano: sifuri. Umeme umefika kwenye boksi lakini kwenye vibano haujatoka. Chaja inasubiri kwanza ihisi betri, ndipo iruhusu umeme upite.

Sasa subiri nilete ile ya zamani. Mnaijua, ile nzito yenye transfoma, ina mshale na swichi moja. Nimeipeleka kule mwisho wa uwanja, mbali na betri, na wewe usiige hii. Nagusa kidogo tu. Ta! Umeiona hiyo ya bluu? Rudisha video uitazame tena. Hiyo cheche, ndugu yangu, mahali ambapo tunaipiga siku zote ni juu ya betri, sentimita chache kutoka kwenye vizibo.

Na pale kwenye vizibo kuna nini? Fungua betri ya maji ikiwa inakaribia kujaa, usikilize. Inachemka kama soda. Si moto unaochemsha, ni umeme unayapasua maji, inatoka haidrojeni na oksijeni. Ikifika kwenye volti 14.4 hivi mapovu yanaongezeka sana. Haidrojeni ikishafika asilimia 4 ya hewa inaweza kushika moto, na mle ndani juu ya sahani za risasi inakuwa nyingi kuliko hiyo. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu ya yai viza unayoisikia wakati mwingine ni gesi nyingine, na ukiisikia ujue betri imechajiwa kupita kiasi au imekufa seli. Hapo unazima soketi ukutani kwanza. Usikimbilie kung'oa vibano.

Mimi nilikimbilia kung'oa vibano. Hili ndilo shati lenyewe, njoo karibu. Unaona haya matundu? Hili, hili, na huku kwenye mkono kama limeliwa na panya. Ilikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, chaja ya zamani imelala inachaji usiku kucha kwa sababu yenyewe haina habari kama betri imejaa. Asubuhi naingia, harufu imejaa, nikashika kibano cheusi nikavuta, soketi bado imewashwa. Mlio wake siwezi kuuigiza. Mfuniko wa betri ulipasuka ukapiga dari. Asidi ilinipata kifuani na mkononi. Mama alinimwagia ndoo nzima ya maji, halafu nyingine, halafu nyingine, hakuuliza swali hata moja. Shati siku ile lilionekana zima. Tulipolifua ndipo likaachia matundu. Nikikumbuka kwamba uso wangu ulikuwa umeinama kidogo pembeni, na kwamba mtoto wa dada alikuwa amesimama mlangoni, basi ninyamaze tu.

Asidi ikikuingia machoni ni maji, maji mengi, yanayotiririka, dakika 15 au 20 bila kuacha, na wakati huo mtu mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Usisubiri uone kama itapoa. Iliyomwagika sakafuni nyunyizia baiskabonati ya mandazi, itafuka povu. Ikiacha kufuka ndiyo unaosha.

Sasa kuunganisha. Hata kwa chaja hii isiyorusha cheche mimi nafuata mpangilio ule ule, kwa sababu kesho utaazimwa chaja ya mtu mwingine na mkono utafanya ulichouzoesha. Soketi imezimwa. Kibano chekundu kwenye chanya, kikae barabara, ukichezeshe kidogo kama hivi kikwangue kutu. Kisha cheusi kwenye hasi. Kama betri iko ndani ya gari, cheusi kisiende kwenye betri, kipeleke kwenye chuma cha bodi au injini, mbali na betri na mbali na bomba la mafuta. Ndipo uwashe soketi. Kuondoa ni kinyume: soketi kwanza, cheusi, chekundu.

Na pete hiyo, vua. Saa ya chuma, vua. Chaja kutorusha cheche haimaanishi betri haina umeme wake. Ukiangusha spana ikalala juu ya chanya na hasi, inaungua nyekundu mkononi mwako. Ndiyo maana fundi makini akitoa betri kwenye gari anaanza kufungua hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu, umepiga shoti.

Nageuza vibano makusudi sasa, chekundu kwenye hasi. Inaonyesha kosa, inakataa. Safi sana! Ile ya zamani hapo ingekuwa imekata fyuzi, au fyuzi ikiwa imefungwa waya, kama nyingi zilivyofungwa, ingekuwa inatoa moshi.

Kuna dada ameandika kwenye video iliyopita, anasema mume wake ni dereva wa bajaji, betri akiiacha nje inaibiwa, kwa hiyo wanaichaji chumbani usiku, chini ya kitanda, na madirisha yamefungwa. Dada, nimekuelewa kabisa, na najua si wewe peke yako. Betri ni pesa na wezi wapo. Lakini tafadhali, chini ya kitanda, hapana. Mnalala juu ya gesi, na godoro linazuia upepo wa chaja, feni yake ile pembeni inavuta vumbi na pamba. Haidrojeni ni nyepesi, inapanda juu, kwa hiyo inatafuta dari na dirisha la juu. Ichajini mchana akiwa amepumzika, barazani au ukumbini karibu na dirisha lililo wazi, juu ya tofali au kigae, isikae kwenye kapeti. Hakuna jiko la mkaa hapo, hakuna gesi ya kupikia, hakuna sigara, hakuna mshumaa wa kuchungulia kama maji yapo. Tumia tochi ya simu. Usiku iingizeni ndani ikiwa imeshachomolewa, hapo lala nayo hata kichwani.

Bei sasa, maana najua wengine mmesogeza video mpaka hapa. Kariakoo nilianza kuambiwa elfu 65. Nikatoka na elfu 45. Mkiniuliza kama inastahili, kwa kile kitu kimoja nilichowaonyesha, vibano vilivyokufa mpaka viguse betri, pesa hiyo naitoa tena bila kufikiri. Kuna ile nyingine yenye kioo kikubwa cha rangi na feni mbili, inauzwa karibu mara mbili, niliijaribu kwa rafiki. Kioo kizuri, lakini vibano vyake ni bati jepesi, vinateleza. Kibano kinachoteleza kwenye betri inayochajiwa ni hatari zaidi ya kioo kibaya. Na umeme msiuogope, inakula wati 100 hivi. Betri kama hii mpaka ijae haifiki yuniti moja na nusu ya LUKU.

Halafu hii ya kwangu ina kitu kimenikera, na lazima niseme. Umeme ukikatika. Nazima soketi hapa, nahesabu kumi, nawasha. Unaona? Imerudi mwanzo, imekaa inasubiri nibonyeze kitufe. Yaani umeme ukikatika saa tano usiku ukarudi saa sita, asubuhi unakuta haijachaji chochote. Mtu aliyetengeneza kitu hiki hajawahi kuishi na umeme wetu. Nilikasirika siku ya kwanza, kweli. Lakini nimekaa nimewaza, na nimebadilika kidogo: labda ni heri. Chaja isiyojiwasha yenyewe usiku inanilazimisha nichaji nikiwa macho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kingine. Betri iliyokufa kabisa, imeshuka mpaka volti 5, 6, chaja hii haiioni. Inadhani hakuna kitu. Hapo ile nzito ya zamani inashinda, yenyewe inasukuma umeme popote. Kwa hiyo nilikosea kwenye video ya nyuma niliposema chaja za zamani zote zitupwe. Ila kama unayo, iwe kazi ya kuamsha tu, nusu saa, umesimama hapo hapo, nje, kisha unahamia kwenye hii. Na betri ikishakaa imekufa miezi, sahani zimeganda salfeti, ule ukoko mgumu, hakuna kitufe cha "repair" cha kuifufua. Hicho kitufe nimekijaribu kwenye betri tatu na sikuona kitu.

Ampea pia. Watu wanadhani kubwa ndiyo nzuri. Chukua asilimia 10 ya Ah za betri. Ah 70, ampea 7, hii ya 6 inafaa. Lakini betri ya pikipiki ya Ah 5 au 7 ukiipiga ampea 6 unaichemsha. Bonyeza hapa kwenye alama ya pikipiki, inashuka. Na mwenye betri kavu: ile haifunguliwi, haiongezwi maji, kwa hiyo ukiichemsha hakuna njia ya kurudisha kilichotoka.

Kwa betri ya maji, dukani usiseme tu "nipe maji ya betri". Kuna atakayekupa asidi. Kwenye betri inayotumika kinachopungua ni maji, asidi inabaki mle mle, kwa hiyo unaongeza maji yaliyokenekwa tu. Nimeona jamaa mwenye chaneli kubwa kuliko yangu anamimina asidi kwenye betri iliyochoka na kusema "imepata nguvu". Inaonyesha nguvu siku mbili, halafu sahani zinaliwa. Na maji yaongezwe baada ya kuchaji, maana yanapanda yakichajiwa. Ila kama sahani zimeonekana wazi, zifunike kwanza kidogo.

Na ikifa, iuze nzima. Usiivunje nyumbani kutoa risasi, nawaomba, hasa wenye watoto. Mombasa kule Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watu, watoto wakaumia, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hiyo ni risasi ile ile iliyomo humu.

Kabla sijasahau, wiki ijayo ni chaja za sola, mmeniomba muda mrefu, na maiki mpya imeshafika, ni kwa sababu yenu. Ahsanteni.

Haya, ni saa kumi na moja na nusu jioni. Umeme ulikatika mara moja mchana, nikabonyeza tena. Mchana nilisoma 14.4 kwa muda mrefu, sasa imeshuka yenyewe, 13.6, taa ya kijani. Nagusa ubavu wa betri: vuguvugu tu. Ingekuwa ya moto ningeshazima zamani. Sasa angalia mkono. Soketi, tap. Cheusi. Chekundu. Naiacha ipumzike mpaka asubuhi ndipo nipime, maana ukipima sasa hivi inakudanganya. Jirani anaita, anataka kujua kama gari litawaka kesho. Nakuja, shemeji! Namba ya asubuhi nitaibandika juu kabisa kwenye maoni.