Msimu wa mvua: Diani au Watamu?

Masika yakianza, wageni hupungua pwani nzima ya Kenya, ila Diani na Watamu haziumii sawa.

Watamu, kama jirani yake Malindi, imewategemea Waitaliano kwa miaka mingi. Pasaka ikipita wanarudi kwao, na hoteli kadhaa hufunga hadi Julai. Makuti yanabadilishwa, mashua zinavutwa nchi kavu, wafanyakazi wa mkataba wanarudi nyumbani bila mshahara. Hata hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa 1968, haivutii sana wakati huo: kusi inavuma, maji yanachafuka, matumbawe hayaonekani vizuri.

Diani hupungukiwa pia, lakini ina Wakenya. Likizo ya shule ya Aprili huleta familia kutoka Nairobi. Wanashuka treni ya SGR Miritini, Mombasa, wanavuka Likoni kwa feri au kupita barabara ya Dongo Kundu. Semina za ofisi nazo hujaza vyumba katikati ya wiki. Bei hushuka, ndiyo, na mgeni wa ndani hakai wiki mbili kama Mzungu. Lakini muuza madafu anauza.

Kwa anayetafuta utulivu, nenda Watamu. Kwa kijana anayetafuta kibarua Mei, namwelekeza Diani bila kusita.