Hannibal Lecter au Annie Wilkes: nani anatisha zaidi?

Anthony Hopkins haonekani hata nusu saa katika The Silence of the Lambs (1991), lakini filamu ikiisha, Hannibal Lecter, daktari wa akili anayeua na kula watu, ndiye anayebaki kichwani. Amesimama wima nyuma ya kioo, mtulivu, ananusa mafuta ya ngozi ya Clarice, mwanafunzi wa FBI anayekuja kumhoji, na kumsoma kwa viatu vyake. Anatisha, sawa, ila kumsikiliza kuna raha yake. Na tunajua yeye ni nani tangu mwanzo.

Annie Wilkes wa Misery (1990) hana ustaarabu huo. Ni muuguzi wa zamani, anachukia matusi, na anamlisha na kumuuguza mwandishi anayemhusudu, Paul Sheldon, aliyepata ajali kwenye theluji, huku akimfungia nyumbani kwake. Kisha hasira inampanda ghafla, usijue imetoka wapi. Sanamu ndogo ya pengwini ikigeuzwa tu upande, anagundua. Nyundo ile siizungumzii, walioiona wanajua.

Waigizaji wote wawili, Hopkins na Kathy Bates aliyemwigiza Annie, walipata Oscar. Mimi nampa Annie ushindi: Lecter yuko kifungoni kwa sehemu kubwa ya filamu, ilhali Annie ndiye mwenye funguo.