Ruta ya MikroTik hEX baada ya miezi saba ofisini Kurasini

Kwa wiki tatu kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuzima ruta na kuiwasha. Mimi ni mhasibu wa ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, tuko watu kumi na mmoja. Mambo ya mtandao hayakuwa yangu. Yalinijia kwa sababu ruta ilikaa juu ya kabati langu la mafaili. "Dada, huku hakuna kitu." "Dada, printa imepotea." Nazima, nahesabu hadi thelathini, nawasha. Tunafanya kazi mpaka saa nne, halafu nusu ya ofisi inapata na nusu haipati, na waliokosa leo si wale waliokosa jana. Hati ikichelewa kutumwa, kontena linaendelea kukaa bandarini, na kukaa kule kunalipiwa. Mteja hajali kama kosa ni la ruta.

Mtoa huduma tulimpigia mara nne, akasisitiza kwamba laini yake ni nzima. Niliona anatukwepa. Siku moja nikachomeka laptop moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, bila ruta wala swichi (kile kisanduku kinachogawa kebo moja kwa kompyuta nyingi), nikafanya kazi saa mbili bila kukatika hata mara moja. Alikuwa anasema kweli. Tatizo lilikuwa ndani kwetu, na ruta tuliyokuwa nayo haikuwa na namna ya kutuambia liko wapi. Ilikuwa na taa nne za kijani, zote zinawaka, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwamba imeunganishwa.

Ndipo nilipokwenda Kariakoo kununua hEX. Jina la MikroTik si geni huku kwetu. Wauzaji wengi wa WiFi ya vocha mitaani wanatumia vifaa vya kampuni hii ya Latvia, iliyoanza mwaka 1996. Ninayoizungumzia ni ile yenye namba RB750Gr3, kisanduku kinachoenea kwenye kiganja, chenye matundu matano ya kebo, yote yenye kasi ya gigabiti moja. Haina WiFi. Nasema mapema ili mtu asije akafungua boksi akaanza kutafuta antena.

Laini ya faiba inaingia tundu la kwanza, swichi za ofisi zinaingia yaliyobaki, na kwa mpangilio wa kiwandani yenyewe inatumia anwani ya 192.168.88.1, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Namba hiyo ndiyo iliyotufumbua macho. Ruta ya zamani ilitumia 192.168.1.1, kama vifaa vingi vya nyumbani. Nilipofunga hEX, kompyuta sita zikapata anwani zinazoanza na 192.168.88. Tatu zikang'ang'ania 192.168.1, ingawa ruta ya zamani ilikuwa imeshazimwa, iko kwenye droo yangu. Nani basi alikuwa anazigawia?

Kompyuta ikiwashwa huuliza mtandao mzima nani atanipa anwani, nayo huchukua jibu linalowahi. Kukiwa na wagawaji wawili, ni bahati nasibu. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameleta ruta yake ya nyumbani ili chumba cha mikutano kipate WiFi. Kebo ya ofisi akaichomeka kwenye moja ya matundu yake ya kompyuta. Tangu siku hiyo na yenyewe ikawa inagawa anwani, kwa namba zilezile za ruta yetu, na aliyeipata anwani yake alielekezwa kwenye mlango usio na intaneti. Kwa kuwa namba zilifanana, hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Nilipoizima na kuiwasha ruta yetu nilikuwa nachanganya karata upya tu.

Niliikamata hivi. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure ya kuongozea ruta hizi, inaitwa Winbox. Inaiona ruta kwa anwani yake ya MAC, namba ambayo kila kifaa hupewa kiwandani, hata kama kompyuta yako haijapata anwani yoyote ya IP, ile ya kugawiwa, na siku mtandao umevurugika huo ni msaada mkubwa mno. Sehemu ya DHCP Server, inayohusika na kugawa anwani, ina kichupo cha Alerts. Ukikiwasha, ruta inakaa macho, na mgawaji mwingine akijibu inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imemwona, pamoja na MAC yake. Nikanakili herufi na tarakimu zote kumi na mbili kwenye daftari. Kisha nikafungua Bridge, kichupo cha Hosts, kinachoonyesha kila MAC imeingilia tundu gani. Ilikuwa la nne. Kebo ya tundu la nne nikaifuata kwa mkono ukutani, nyuma ya mlango, hadi chumba cha mikutano. Kisanduku cheupe kilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni, kimejaa vumbi. Nikakigeuza, nikasoma kibandiko cha chini, nikalinganisha na daftari herufi kwa herufi. Zote kumi na mbili zilikuwa zilezile. Nilikaa pale chini kidogo kabla ya kukichomoa. Wiki tatu.

Hatukukitupa. Tulikizimia ugawaji wa anwani, tukakipa 192.168.88.2, tukakirudisha palepale, na chumba cha mikutano kina WiFi hadi leo. Mwenye nacho aliomba radhi, nami nikamwambia hana kosa, maana hakuna aliyewahi kumweleza.

Mwezi wa pili meza ya mwenzangu wa hesabu ilianza kukatika peke yake. Kumbukumbu za ruta zikaonyesha tundu la tatu linaanguka na kuinuka, link down, link up, na kila likiinuka kasi ni megabiti 100 badala ya gigabiti moja. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane za kebo, 100 inatosheka na nne. Kwa hiyo nikajua pa kutazama. Gurudumu la kiti lilikuwa limeikanyaga kebo mpaka ganda limepasuka. Kebo mpya, dakika kumi, basi.

Sasa yanayohitaji uangalifu. Winbox ina menyu nyingi, na haikukusudiwa mtu anayetaka kubonyeza mara tatu amalize. Siku ya kufunga, mlipe fundi anayeijua na ukae pembeni yake ukiuliza. Kabla ya kugusa chochote, nenda Files, tengeneza Backup, nakala ya mipangilio yote, uihifadhi nje ya ruta. Nenosiri la kiwandani libadilishe siku hiyohiyo, na usiache Winbox ifikike kutoka nje. Mwaka 2018 pengo la usalama kwenye Winbox lilitumiwa na wahalifu kuziteka ruta nyingi sana duniani, zikiwemo ambazo marekebisho yake yalikuwa yameshatoka na wenyewe hawakuyaweka. Mimi nimejiwekea Ijumaa ya kwanza ya mwezi kuangalia kama kuna toleo jipya la RouterOS, programu inayoendesha ruta yenyewe.

Ofisi ya watu watatu wenye laptop na WiFi tu haina haja nayo, inunue kitu chepesi zaidi. Ila kama mna swichi mbili tatu, printa ya pamoja, na kebo zilizopita kwenye kuta ambazo aliyezipitisha hayupo tena, hEX nawapendekezea kwa moyo mweupe. Ofisi yetu sasa ina ramani: kipande cha karatasi ndani ya mlango wa kabati, tundu la pili mapokezi, la tatu hesabu, la nne mikutano, la tano printa na chumba cha bosi.

Jambo moja nililifahamu baadaye, na lingenifanya niinunue mapema. Inapokea umeme wa volti 8 hadi 30, kwa hiyo inakubali betri ndogo ya volti 12. Tumeifungia moja pamoja na kisanduku cha faiba. Umeme ukikatika, WiFi ya chumba cha mikutano inazima, lakini wenye laptop wanaochomeka kebo kwenye ruta yenyewe wanaendelea kutuma hati, viti vimesogezwa karibu na kabati langu.