GB 8, 16 au 32? Uzoefu wangu wa kuongeza RAM kwenye kompyuta ya gemu

Kompyuta yangu ya gemu niliiunganisha mwenyewe nyumbani Kimara: prosesa ya Ryzen 5 5600G, diski ya SSD ya GB 500 na stiki moja ya GB 8 ya RAM, ile memori ya muda inayoshika vitu kompyuta inavyofanyia kazi. Kadi ya grafiki sikuweka. Prosesa hiyo ina grafiki yake ndani, na hela ilikuwa imeishia hapo. Gemu ya GTA V ilicheza vizuri tu kwa miezi. Shida ilikuja na gemu ya mpira, EA Sports FC 24. Unatoa pasi, picha inaganda nusu sekunde, ikirudi mpira uko kwa mpinzani. Mdogo wangu akagoma kabisa kucheza mpaka nitengeneze.

Nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, nikaingia madukani Kariakoo. Duka la kwanza muuzaji hakuniuliza nacheza nini wala mashine ina nini ndani. "Bosi, siku hizi bila 32 huchezi gemu," akaniwekea mezani stiki moja ya GB 32. Nilikuwa na hela mkononi na nilikaribia kulipa. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa sijaangalia hata siku moja kompyuta yangu inatumia kiasi gani.

Usiku ule nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inatumia nini, huku gemu inaendelea: Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu sehemu ya memori. Nilichokiona kilinishangaza. Kati ya GB 8 nilizonunua, Windows ilikuwa na GB 5.9 tu za kutumia. Zilizobaki, kama GB 2, zimekatwa na grafiki iliyo ndani ya prosesa, maana haina memori yake yenyewe, inakula kwenye RAM. Kwenye hizo 5.9 kuna Windows, kuna Chrome niliyoiacha wazi, ndipo gemu inatafuta pa kukaa. RAM ikijaa, Windows huhamishia vitu kwenye diski, na SSD hata iwe nzuri vipi haifikii kasi ya RAM. Ile nusu sekunde ya kuganda ilikuwa inatoka huko. Watengenezaji wenyewe wa FC 24 wanataja GB 8 kama kiwango cha chini na 12 kama kinachopendekezwa, kwa hiyo mimi hata hicho cha chini nilikuwa sikifikii.

Rafiki yangu wa Sinza anahariri video za harusi, na mashine yake ina stiki mbili za GB 16. Akakubali kuniazima kwa wikiendi. Wakati huohuo nilikuwa nimenunua stiki ya pili ya GB 8 inayofanana na ya kwangu, hivyo nikaweza kupima zote kwenye mashine ileile, gemu zilezile.

Kutoka 8 kwenda 16, ni kama nimebadilisha kompyuta. FC 24 haikuganda tena. GTA V, ambayo sikuwa nailalamikia, ilipanda kutoka fremu (picha) 40 na kitu kwa sekunde hadi karibu 60. Hapo si ukubwa peke yake. Stiki moja ya DDR4, aina ya RAM niliyonayo, yenye kasi ya 3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Zikiwa mbili kwenye nafasi sahihi, njia zinakuwa mbili na kiwango kinafika 51.2. Grafiki inayotegemea RAM inaufaidi upana huo moja kwa moja. Ndiyo maana ile stiki moja ya 32 ya Kariakoo ingenipa nafasi tele lakini njia ileile nyembamba, na kwa bei kubwa zaidi.

Kutoka 16 kwenda 32? Fremu zilezile. Matumizi yalionekana kupanda kidogo, lakini hilo lisikutishe: Windows ikipewa nafasi kubwa hutunza vitu vingi zaidi tayari kwa matumizi.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Chomoa waya wa umeme, pangusa vumbi, fungua vishikizo. Kwenye madabodi (bodi kuu za kompyuta) yenye nafasi nne za RAM, nyingi zinataka ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Ule mkato wa chini ya stiki uendane na kijino cha nafasi, kisha bonyeza pande zote mbili mpaka usikie "ta". Mara ya kwanza yangu haikuwaka. Nikaitoa, nikasugua zile meno za dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, nikairudisha, ikawaka. Halafu nikaona kasi inasoma 2400 wakati nimelipia 3200. Ikabidi niingie BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, na kuwasha XMP, inayoiruhusu RAM kufikia kasi iliyotangazwa. Tafadhali angalieni hili, maana bila hivyo unaweza kukaa miaka na kasi uliyoilipia usiipate.

Nilinunua katikati ya 2025 kwa shilingi 75,000. Usiende dukani na bei hiyo kichwani. Tangu mwishoni mwa mwaka huo RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Hilo ni sababu nyingine ya kupima kabla ya kununua. Piga picha lebo ya stiki yako uende nayo, kwa sababu DDR4 na DDR5 haziingiliani, na dai risiti.

Wapo wanaohitaji 32, na rafiki yangu wa Sinza ni mmoja wao. Mpenzi wa Microsoft Flight Simulator 2024 pia, maana kiwango kinachopendekezwa kwa gemu hiyo ni 32. Cyberpunk 2077 inapendekeza 16.

Stiki za watu nilizirudisha Jumapili jioni. Hela niliyokuwa nimetenga kwa 32 sasa ni ya kadi ya grafiki yenye memori yake. Siku nikiifunga, zile GB 2 zinazokatwa zitarudi kwa Windows, na GB 16 zangu zitapumua zaidi.